Nimeshika futi chini ya bahari miaka tisa kuhesabu matumbawe ya Tanga, niulizeni (na mimi nina dukuduku langu)

Mshika Futi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mchana.

Mimi mkazi wa Tanga, nimezaliwa kwenye familia ya wavuvi, na huu mwaka wa tisa kazi yangu ni kushuka na watafiti kuhesabu matumbawe. Kwenye karatasi naitwa msaidizi wa utafiti ila diko zima, pale boti za wavuvi zinapofikia, wananiita mshika futi maana ndo kazi yenyewe, natandaza futikamba ya mita 50 juu ya mwamba, mwenzangu anapita juu yake anapiga picha kila mita, wa tatu anaogelea taratibu anahesabu samaki upana wa mita tano na kuandika kwenye kibao cha plastiki. Anaandika kwa penseli ya kawaida ya shule ya msingi, inaandika vizuri tu chini ya maji, kalamu ndo haitaki.

Sasa juzi kwenye daladala jamaa mmoja anabisha kwa sauti kwamba matumbawe ni mawe kama mawe mengine, yakivunjika si yamevunjika, kwani kokoto za barabara nani anazililia. Nikanyamaza. Ila iliniuma kwa sababu mimi mwenyewe mpaka nina miaka 24 nilikuwa naamini hivohivo. Nyumba ya marehemu babu imejengwa kwa matumbawe, chokaa yake imechomwa kwenye tanuu kwa matumbawe hayohayo, sasa mtu akikwambia lile ni kiumbe hai utaanzia wapi kumuelewa?

Kwa kifupi sana: tumbawe ni kijiji cha vijinyama vidogo, kila kimoja kina mdomo na minyiriri, ukoo mmoja na konyeza anayekuchapa ukiogelea. Kila kijinyama kinajijengea nyumba ya chokaa na kuacha ya zamani chini yake. Ndani ya ngozi yao wamepangisha mwani mdogo usioonekana kwa macho, huo mwani unatumia jua kutengeneza chakula, mwenye nyumba anakula, na rangi nyingi mnazoona kwenye picha zinatoka kwa huyo mpangaji. Yale ya duara kama vichwa yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo ukikuta jiwe lina ukubwa wa friji ujue limeanza kabla babu yako hajazaliwa. Yale ya matawi yana haraka, sentimita 10 na zaidi kwa mwaka, ila ndo yanakufa kwanza.

Na miamba yote ya dunia ukiijumlisha haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, ila robo ya aina za viumbe wa baharini wanaitegemea.

Ulizeni. Dukuduku langu nitalisema baadae nikiona uzi umechangamka.

Bin Sahare

Mkuu mimi swali langu moja tu, mabomu ya kuvulia samaki bado yapo? Sisi tumekulia Tanga tunajua, ilikuwa asubuhi unakunywa chai unasikia tuu! dirisha linatikisika na hakuna mtu anageuka.

Mshika Futi

@Bin Sahare umenikumbusha mbali kaka. Baruti ilipigwa marufuku tangu 1970 lakini sisi tuliozaliwa baada ya hapo tumeikuta kama sehemu ya hali ya hewa, kusi, kaskazi na baruti. Mimi nimeshawahi kuingia majini kuokota samaki wa bomu nikiwa na miaka 12, sioni aibu kusema, jamaa wanarusha chupa, maji yanapanda juu, watoto tunajitupa na miwani. Kitu ambacho watu wa nchi kavu hawakijui ni kwamba wanaoelea ni wachache. Wengi wanapasuka kile kibofu cha hewa cha ndani wanazama, unawaona wamelala chini kama majani chini ya mwembe, na huwezi kuwafuata wote. Wanaozea hukohuko.

Mama yangu alikuwa anamjua samaki wa bomu hata umfiche vipi. Anambonyeza, nyama laini isivyo kawaida, akimpasua anakuta uti umekatika na damu imeganda kando ya mfupa. Anamrudisha kwa muuzaji bila kusema neno, anamuangalia tu.

Kuhusu sasa hivi: mwaka 2015 kuna watafiti walipita pwani nzima ya Tanzania na kinasa sauti wanakiburuta nyuma ya boti, wakanasa milipuko 318, na asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar. Sio huko porini, Dar! Baada ya hapo doria ikabadilika, wakaacha kukimbizana baharini tu wakaanza kufuata baruti inatoka wapi na nani anainunua, na kufika 2018 sauti zilikuwa zimepungua mno. Siwezi kukwambia zimeisha kabisa, ila mimi kuna misimu nimemaliza nikiwa chini ya maji bila kusikia hata moja, na chini ya maji bomu unalisikia kwenye kifua hata likiwa mbali.

Tatizo ni kilichobaki. Palipopigwa bomu panakuwa na shimo na kifusi, na kifusi kinatembea. Kila bamvua, kila upepo wa kusi, vile vipande vinagaragara. Mtoto wa tumbawe anakuja na maji anatafuta pa kushika, akishika kipande leo kesho kimepinduka kimemlalia. Kuna sehemu wazee wananionesha wanasema hapa palipigwa miaka ya themanini, na bado ni changarawe tupu.

Chapchap

Uzi mtamu. Halafu ni kweli mchanga mweupe wa beach ni mavi ya samaki au ni stori za vijiweni

Mshika Futi

@Chapchap kweli kabisa, sehemu yake kubwa. Pono ana mdomo kama kasuku, anaguguna mwamba kutafuta mwani, chokaa anaisaga kwa meno ya kooni, inatoka nyuma mchanga safi. Pono mkubwa mmoja anatoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ukiwa chini umetulia unasikia kabisa kra kra kra, kama mtu anatafuna muwa. Wale wanaopiga picha za harusi pale Kendwa waambieni tu.

Mama Nasri

Assalam alaykum wenzangu. Miye niko Pemba, kazi yangu kuchokoa pweza tangu usichana, na nnataka kusema kitu kwa sababu hizi habari za utafiti kila siku wanazungumza wanaume wenye boti, sie tunaokwenda kwa miguu maji yakipwa hatutajwi.

Kijijini kwetu tunafunga mwamba wa pweza miezi mitatu, haendi mtu. Tuliiga kwa wenzetu wa Kisiwa Panza, na wao nnavyojua mambo haya yalianza Madagascar kule Andavadoaka mwaka 2004, wavuvi wa kule walijaribu kufunga wakaona faida ikaenea. Hesabu yake haitaki skuli. Pweza haishi sana, mwaka mmoja na kitu basi, lakini anakula na kukua haraka ajabu. Huyu wa nusu kilo uliyemchokoa leo kwa tamaa ukimuacha miezi mitatu unamkuta kilo mbili, tatu. Na jike akishataga anakaa tundumwe analinda mayai, hali kitu, mpaka yanaanguliwa naye anakufa. Sasa wewe ukimtoa pale na kijiti chako umetoa na ukoo mzima.

Siku ya kufungua wallahi ni kama Idi. Watu wamejaa pwani alfajiri, kamati ya wavuvi ya shehia ina mizani na daftari, wanaandika kila pweza uzito wake na nani kamvua.

Lakini nisiseme mazuri matupu. Mara ya mwanzo tulifungua, wanaume wa miwani ya kuzamia wakaingia maji ya kina mapema kabla hayajapwa vizuri, wakamaliza wakubwa wote, sie wanawake tulipofika tukakuta mashimo. Yaani miezi mitatu tumelinda sote, tumekosa kitoweo sote, halafu faida ya wenye pumzi. Ilibidi tugombane kwenye mkutano, maneno mazito kweli. Sasa hivi kuna eneo la kwenda kwa miguu ambalo mwenye miwani haruhusiwi siku ile mpaka adhuhuri. Hili hakulileta mtafiti, tumelileta sie.

Mshika Futi

@Mama Nasri waalaykum salaam mama. Shikamoo. Hii ya kutenga eneo la wanaokwenda kwa miguu sijawahi kuikuta kwenye ripoti yoyote niliyoshiriki, naomba ruhusa niende nayo kwenye kikao kijacho huku kwetu.

Mama Nasri

Marahaba. Chukua, si siri.

Mkilifi Halisi

Niaje ndugu zangu wa Bongo na visiwani, mimi nawasoma kutoka Kilifi huku Kenya. Nichangie kidogo kuhusu kufunga maana sisi twaiita tengefu. Pale Kuruwitu, karibu na Vipingo, wazee walikaa chini wakaona samaki hakuna tena, mwaka 2005 hivi wakakubaliana kutenga kama hekta 30 hivi mtu asivue kabisa. Hapakuwa na serikali iliyowalazimisha. Kelele zilikuwepo, wengine waliona wameibiwa bahari yao mchana kweupe. Mwaka 2017 wakapata ile tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na sasa vijiji vingine vyaenda kujifunza pale.

Lakini story ninayotaka kuwapa ni ya kikande. Mwajua kikande, yule samaki mwenye mwiba mgongoni, nyama ngumu, hakuna mtu amlilia. Kuna mtafiti, Tim McClanahan, yuko Mombasa tangu miaka ya themanini apima miamba ya huku. Akaona kitu: kwenye mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, wale wadudu wa miiba mieusi ukiwakanyaga mguu wavimba wiki nzima, ni wachache. Kwenye miamba yavuliwa, wamejaa kama njugu. Kwa nini? Kumbe kikande ndiye mlaji wao! Amgeuza chali, amtoboa tumboni ambako miiba ni mifupi. Sisi tukamaliza vikande, wale wa miiba wakazaana, na wao waguguna mwamba mpaka wabaki kama mkate ulioliwa na panya. Yaani samaki hana bei sokoni ndiye alikuwa fundi wa nyumba.

Mimi niliposikia hii nilimtafuta babangu nikamuuliza, akaniambia zamani mtu hangeweza kuona hao wa miiba wengi hivyo, walikuwa wa kutafuta. Alikuwa ajua miaka yote ila hakuna aliyemuuliza.

Bin Sahare

@Mkilifi Halisi hapo mwisho umeua.

Jicho Kavu

Nimesoma yote kwa utulivu sasa na mimi niseme. Hivi vitu vyote vizuri masikioni. Mnafunga mwamba mnamnyima mvuvi kula, halafu kwenye semina mnasema bahari imechemka na matumbawe yanakufa kwa sababu ya joto la dunia. Sasa hilo joto linasoma bango kwamba hapa pamefungwa? Viwanda viko kwa wenzetu, moshi wa wenzetu, aliyeambiwa asivue ni mtu wa ngalawa. Af watafiti wanakuja na boti injini mbili wanatutolea picha wanapata digrii wanaondoka. Mimi sijawahi kuona tumbawe lililoshukuru. Nipeni sababu moja ya kufunga isiyo ya kwenye semina.

Chapchap

Kijiwe kimechemka, napata kahawa

Mwalimu Mstaafu

@Jicho Kavu swali lako ni la haki na nadhani halijibiwi kwa hasira. Nianze na joto lenyewe. Tumbawe limezoea kuishi karibu sana na mwisho wa uvumilivu wake. Maji yakizidi digrii 1 tu juu ya kile kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, ule mwani wa ndani unaanza kutengeneza sumu badala ya chakula, na mwenye nyumba anamfukuza mpangaji. Ndiyo kupauka. Wanasayansi wanajumlisha digrii zilizozidi, wiki hadi wiki, kama vile unavyojumlisha deni la dukani: likifika 4 tegemea kupauka, likifika 8 tegemea vifo.

Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, deni lilipita kiasi. Dunia ilipoteza kama asilimia 16 ya matumbawe yake, na bahari yetu hii ya Hindi ya magharibi ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kituo cha utafiti wa bahari cha CORDIO pale Mombasa kilizaliwa kutokana na msiba ule. Kisha 2010, kisha 2014 mpaka 2017, na tarehe 15 Aprili 2024 ukatangazwa rasmi upaukaji wa nne wa dunia nzima. Mwisho wa mwaka 2021 mtafiti David Obura na wenzake walichapisha tathmini ya miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi, wakakuta yote iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Kwa hiyo kuhusu moshi wa wenzetu uko sahihi, wala sina hoja ya kukupinga. Kuhusu kufunga namuachia mwenye uzi.

Mshika Futi

@Jicho Kavu karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri wewe hasa.

Niko upande wako kwa nusu. Bango halizuii joto, nimeona kwa macho yangu 2024, mwezi wa nne, eneo lililofungwa na lisilofungwa yote yamepauka. Na wacha niwaambie linavyokuwa maana picha za mtandaoni zinadanganya. Halianzi jeupe. Linaanza kwa kupendeza. Matawi yanakuwa ya zambarau inayong'aa, ya waridi, mengine bluu ya taa za ukumbini, mgeni aliyekuwa nami siku ile alinyoosha dole gumba kwa furaha, nikashindwa kumwambia kwa ishara kwamba tuko msibani. Wiki mbili baadae ni jeupe kama chumvi. Na likiwa jeupe bado ni zima! Hapa ndo wengi wanakosea, lina njaa tu, joto likishuka mapema linapokea wapangaji wapya na rangi inarudi. Likichelewa, linaota ukungu wa kijani, hapo ndo limeenda.

Sasa sababu yako isiyo ya semina. Baada ya kufa mifupa inabaki. Mwani wa majani unaivamia kama nyasi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mtoto wa tumbawe akija anahitaji jiwe safi la kushika, na anayesafisha ni samaki kama pono na kangaja, bure, masaa yote ya mchana. Kama pono wote wako kwenye ndoo sokoni, hakuna wa kufyeka. Kwa hiyo eneo lililofungwa halizuii kuungua, ila ndo lenye mafundi wa kujenga upya. Utafiti mmoja mkubwa wa 2015 ulipiga hesabu kwamba mwamba usiovuliwa unabeba wastani wa kilo 1,000 za samaki kwa hekta, na uliovuliwa ukiachwa unahitaji kama miaka 35 kujirudishia sehemu kubwa ya hiyo. Miaka 35! Ndo maana sipendi mtu akija kijijini na kuahidi samaki watarudi msimu ujao. Pweza wa Mama Nasri ndio, miezi mitatu. Chewa sio. Hawa wawili ukiwachanganya kwenye mkutano mmoja wavuvi wanakuona muongo, na watakuwa na haki.

Halafu sisi wa Tanga tuna bahati moja hatuitangazi. Kuanzia Shimoni kule mpakani kushuka mpaka karibu na Dar kuna mifereji ya kina kirefu inayoleta maji ya baridi karibu na miamba. McClanahan huyohuyo wa @Mkilifi Halisi aliandika 2020 kwamba hili eneo linaweza kuwa kimbilio, yani kwingine kukiungua huku kunabaki na mbegu. Na wavuvi wetu walishajua kuna kitu huko chini, maana kuanzia miaka ya 2003 na 2004 nyavu za jarife zilikuwa zinapandisha silikanti, yule samaki ambaye wazungu waliamini ametoweka pamoja na madinosaria mpaka akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndo ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Nyama yake nimeambiwa ina mafuta mabaya, anayekula anaharisha, hivo hata hana soko. Pole yake na heri yake.

Jicho Kavu

Hapo kwa pono nimekuelewa. Na la watafiti kuondoka na digrii umelirukia kama paka aliyeona maji.

Mshika Futi

Sijaliruka, hilo ndo dukuduku langu lenyewe.

Miaka tisa, nimeshika futi kwenye miradi isiyopungua mitano. Wageni, Watanzania, wanafunzi wa shahada ya pili, wote wazuri na tunapendana. Kila mmoja akimaliza anasema "tutawaletea matokeo". Matokeo yaliyowahi kurudi kijijini ni mara mbili. Ya kwanza kitabu cha kurasa 80 cha Kiingereza, kipo ofisi ya mtendaji, kimewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. Sitanii.

Ya pili ndo nataka muisikie. Kuna dada mmoja mwanafunzi, aliona aibu kuondoka hivihivi, akaprinti picha kubwa sita za sehemu ileile, mita moja kwa mita moja, ule mraba tunaoutengeneza kwa mabomba ya maji, mwaka baada ya mwaka. Tukazibandika kwenye ukuta wa diko pale wanapopigia mnada. Hatukuandika kitu zaidi ya mwaka. Asubuhi wavuvi wakajaa. Mzee mmoja, sitamtaja, mtu wa dema, ule mtego wa samaki wa kusuka, maisha yake yote, akasogeza uso mpaka pua inagusa picha ya tatu akasema: "Hii sio Nundu."

Nundu ni jina la lile jiwe. Sisi kwenye karatasi tunaliita kwa namba. Yeye analijua kwa sababu mlango wa chewa uko upande wa kaskazi, na kwenye ile picha hakuna mlango. Tukambishia kwa heshima, mzee ni lazima ni hapo, mashine ya kuonesha mahali (GPS) imeandika. Akasema mashine yenu imekwenda kusi kidogo, hili ni jiwe la pili, mimi hapa nimepoteza madema mawili nalijua. Jioni dada akafungua kompyuta akafukua mafaili, akakuta ule mwaka tarakimu moja ya mwisho ilikosewa wakati wa kuingiza. Data ya mwaka mzima ya kituo kile ilikuwa ya jiwe jingine! Na lile anguko kubwa la matumbawe lililokuwa kwenye grafu yake halikuwa anguko, tulipima sehemu tofauti. Na niseme tu, aliyekuwa anamsomea zile tarakimu ili aziingize ni mimi.

Wataalamu wawili walishaipitia ile kazi na hawakuona. Kaona mtu aliyeishia darasa la nne, kwa dakika moja, kwa sababu picha iliwekwa mahali anapopita.

Na baada ya siku ile yule mzee akawa anatusubiri ufukweni, "leo mnaenda Nundu? chewa bado yupo?" Aliyekuwa anaongoza kelele dhidi ya kufunga ni mwanawe, na ndo aliyekuja kuomba madema yenye mwanya.

Bin Sahare

Mwanya ndo nini tena

Mkilifi Halisi

@Bin Sahare wacha nijibu maana hii imejaribiwa sana huku kwetu, sisi twaita malema. Ni kuacha upenyo mwembamba kwenye kona ya lema, sentimita 3 au 4 hivi, samaki mdogo mwembamba atoka mwenyewe, mkubwa abaki. Wavuvi mwanzo walicheka, wewe waweza kutengeneza mtego wenye mlango wa kutokea? Lakini tasi na changu wakubwa ndio wenye bei, na lema halijazwi na vidogo vya kuuza kwa fungu. Mfuko haukupungua.

Mama Nasri

Mshika futi, mwanangu, hii ya picha ukutani mbona hamuifanyi kila mahali? Karatasi bei gani?

Mshika Futi

@Mama Nasri picha sita zile ziligharimu pungufu ya mafuta ya boti ya siku moja, mama. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika kwenye bajeti mwanzoni. Mimi sasa kabla sijashika futi ya mtu namuuliza ukutani utabandika lini. Mmoja amekasirika akatafuta kijana mwingine, sawa tu. Wawili wamekubali.

Mwalimu Mstaafu

Na majina. Tumieni majina ya wavuvi kwenye vituo vyenu, namba wekeni kwenye mabano.

Mshika Futi

Mwalimu tumeshaanza. Jumamosi ni maji mafu, mkondo mdogo, na kusi bado haijakaza, tunashuka Nundu mara ya kwanza tangu ule upaukaji. Nikirudi naleta mrejesho.

Jicho Kavu

Lete picha, sio maneno.

Mshika Futi

MREJESHO.

Wakuu samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na homa. @Jicho Kavu picha ninazo 31 tu, betri ya kamera imekufa kabla hatujafika kwenye jiwe lenyewe, kwa hiyo utanivumilia na maneno mara hii.

Matawi ya pembeni yamekufa karibu yote, yameota manyoya ya kijani, ukigusa kwa kidole yanakatika. Nundu lenyewe limekufa upande wa juu, kama theluthi, utosi umebaki mweupe wa kijivu na una alama za meno ya pono, mistari miwili miwili. Mbavuni limerudi rangi yake ya kahawia. Kwenye kifusi sikuona mtoto hata mmoja. Kwenye ule utosi uliotafunwa nimehesabu vinane, vidogo kama kifungo cha shati, nikamwita mwenzangu akahesabu tisa, tukaandika vinane.

Mzee wa dema alikuwa ufukweni tangu saa nne. Hakuuliza matumbawe. Nikamwambia yupo, mlangoni kwake, amenenepa.

Betri mpya nimeagiza Dar, inakuja na basi la kesho. Maji mafu mengine ni baada ya wiki mbili.